Bomba la jikoni lilipasuka, la darini likapona: uchambuzi wa kisa cha maji kuganda

Nyumba ni ya matofali, ina vyumba vya chini na vya juu, na iko mahali ambapo majira ya baridi hushusha joto chini ya sifuri kwa wiki kadhaa. Maji huingia kwa presha ya bar 4 kupitia koki kuu iliyo chini ya ngazi, hupanda kwa bomba la shaba la milimita 22, kisha hugawanyika kwa matawi ya milimita 15. Boila ya gesi iko kwenye chumba cha kufulia. Ndiyo inayopasha vyumba, na ndiyo inayotoa maji moto. Tawi moja linakwenda kwenye sinki la jikoni, lililoegemea ukuta wa nje unaopigwa na upepo. La pili linapita darini kwa mita 4 kabla ya kushuka kwenye beseni la bafu ya juu. La tatu ni la bustani.

Wenye nyumba waliondoka Ijumaa jioni wakarudi Jumanne. Themostati, kifaa kinachoiamuru boila kiwango cha joto, waliiacha kwenye nyuzi 12 za Selsiasi, koki kuu ikiwa wazi. Usiku wa Ijumaa nje kulishuka hadi nyuzi 6 chini ya sifuri, wa Jumamosi 11 pamoja na upepo, wa Jumapili 14, wa Jumatatu 10. Jumanne saa tano asubuhi nje kulipanda juu ya sifuri kwa mara ya kwanza. Saa kumi jioni, walipofika, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa jikoni. Mita ya maji ilionyesha kuwa zilikuwa zimepita lita 2,900 hivi tangu siku ya kuondoka.

Fundi alikuta bomba la maji baridi la jikoni limechanika kwa urefu, mpasuko wa sentimita 4, nyuma ya mashine ya kuoshea vyombo. Darini, ambako ndiko kulikuwa na baridi kali zaidi ya sehemu zote za nyumba, bomba lilikuwa bado limeganda. Bafu ya juu haikutoa hata tone. Lilipoyeyuka baadaye halikuvuja popote.

Hapo ndipo penye funzo lote la kisa hiki. Bomba lililokaa mahali pabaya zaidi lilipona, na lililokuwa ndani ya nyumba, ndani ya kabati, likapasuka. Anayefikiri kwamba barafu hupasua bomba kwa kulitanua pale pale ilipo hataweza kuueleza mpangilio huu, na kinga atakayoiweka itakuwa ya kubahatisha.

Nini hasa kinachopasua bomba

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Hilo linajulikana na wengi. Kisichojulikana sana ni kwamba ongezeko hilo, likiwa na pa kwenda, halina madhara makubwa. Barafu inapoanza katikati ya bomba huyasukuma maji pande mbili. Upande wa koki kuu maji yanaweza kurudi nyuma kuelekea mtaani. Upande wa pili yanakutana na koki ya sinki iliyofungwa. Kipande hicho, kati ya kizibo cha barafu na koki iliyofungwa, ndicho kinachogeuka mtego: kila barafu inavyoendelea kukua, maji yaliyobaki yanabanwa, na maji hayabanwi kwa urahisi.

Kwa makadirio, kila nyuzi moja chini ya sifuri huiwezesha barafu kusukuma kwa presha ya bar 130 hivi. Bomba la shaba la milimita 15 lenye ukuta wa milimita 0.7 huishiwa nguvu kwenye bar 200 na kidogo. Kwa hiyo nyuzi 2 chini ya sifuri zinatosha kulishinda, mradi maji yamefungiwa. Kwenye kipande cha mita 2 kama hiki cha jikoni, ikiganda sentimita 30 nyingine baada ya kizibo kufunga, presha tayari imefika mahali ambapo shaba huanza kuvimba. Kisha inapasuka pale ilipo dhaifu zaidi, na pale dhaifu si lazima pawe penye barafu. Hapa mpasuko ulikuwa mita 1.4 kutoka mahali palipoganda, nyuma ya mashine, mahali ambapo maji yalikuwa bado maji.

Jambo hili lina matokeo mawili ya kazi. La kwanza, ukitafuta mpasuko usiishie pale palipo na barafu. Fuata bomba hadi kwenye koki. La pili, mfumo wenye valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma hufunga mtego pande zote mbili, kwa hiyo hata upande wa koki kuu hauna usalama. Nyumba yenye valvu ya kupunguza presha au ya kutorudisha maji inahitaji tangi dogo la kupokea upanuzi, na fundi anapaswa kuliangalia kabla ya msimu.

Inafaa pia kujua kwamba maji hayagandi mara yanapofika sifuri. Ndani ya bomba lililotulia hushuka hadi nyuzi 4 au 6 chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha barafu inaanza ghafla, ikitambaa kwa vijiti vyembamba vyenye matawi. Maji yaliyoshuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri hugeuka barafu asilimia 5 mara moja, na asilimia 5 iliyotawanyika kama utando inatosha kuziba njia. Ndiyo sababu utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1990 uliweka kizingiti cha tahadhari, kwa mabomba yasiyofunikwa yaliyo darini, kwenye halijoto ya nje ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Kisa hiki hakipingani nao: usiku wa Ijumaa, nyuzi 6, hakuna kilichotokea. Lakini kizingiti hicho ni cha hewa tulivu. Penye upepo hakuna wa kukuhakikishia nyuzi 7.

Joto la nyumba lilikatika wapi

Themostati ina kumbukumbu. Ilionyesha ukumbini nyuzi 12 hadi saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, kisha mteremko mmoja mrefu: nyuzi 4 alfajiri ya Jumatatu, nyuzi 2 alfajiri ya Jumanne. Boila nayo ilikuwa imejifunga na kuandika hitilafu.

Sababu ilikuwa nje, kwenye bomba jembamba la plastiki ambalo wenye nyumba hawakuwahi kulitilia maanani. Boila za kisasa hupoza moshi wake hadi mvuke ugeuke maji, na maji hayo, lita moja au mbili kwa saa ikiwa inafanya kazi kwa nguvu, lazima yatolewe. Hapa yalitolewa kwa bomba la milimita 21.5 lililopita nje ukutani kwa mita 3.5, karibu bila mwinamo, bila kufunikwa. Tone moja moja la maji likitembea polepole kwenye bomba lenye baridi kali huganda likiwa njiani. Bomba likaziba, maji yakarudi kwenye boila, boila ikajizima kujilinda. Yaani kifaa kilichotegemewa kuilinda nyumba na baridi kilizimwa na baridi yenyewe, tena usiku ule kilipohitajika kuliko siku zote.

Marekebisho yake si magumu. Bora kuliko yote ni kulipitisha bomba hilo ndani hadi kwenye bomba la maji machafu la sinki au la choo. Isipowezekana, sehemu ya nje iwe fupi iwezekanavyo, kipenyo cha ndani kisipungue milimita 30, mwinamo usipungue milimita 45 kwa kila mita, na lifunikwe kwa sponji isiyopitisha maji, kona zikiwa chache. Katika nyumba hii lilihamishiwa ndani, mita 1.8 tu za bomba la milimita 32 zilitosha kulifikisha kwenye bomba la mashine ya kufulia.

Watu huuliza mbona boila ina kinga yake ya baridi. Inayo, lakini kinga hiyo hupima joto la ndani ya boila na hulinda boila. Bomba la jikoni halimo katika hesabu zake, na boila iliyojifunga kwa hitilafu mara nyingi haiwezi hata kujiwasha.

Angalia pia kwamba ukumbini hakukufika sifuri hata mara moja. Themostati hupima hewa ya ukuta ilipofungwa, katikati ya nyumba. Ndani ya kabati lililofungwa, nyuma ya ubao, kwenye ukuta wa nje, kunaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 8 au 10. Kipimajoto kidogo kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa, kikiachwa usiku mmoja wa baridi nyuma ya kabati la sinki, kitakueleza hali ya mabomba yako kuliko themostati. Nyumba inayoachwa tupu isishuke chini ya nyuzi 13, milango ya makabati ya kuta za nje iachwe wazi, na milango ya vyumba pia, hewa ya joto izunguke.

Kabati la jikoni

Mabomba mawili, la maji baridi na la maji moto, yalikuwa yamefungwa kwa klipu moja kwa moja kwenye tofali la ukuta wa nje. Yalikuwa na sponji ya milimita 9, iliyoishia sentimita chache kabla ya kila elbo, yaani kiungo cha kona, kwa kuwa aliyeiweka hakukata pembe. Sentimita 30 kutoka hapo kulikuwa na tundu la kipenyo cha sentimita 4, la bomba la zamani lililoondolewa. Nje lilionekana limezibwa, kumbe rangi tu ndiyo iliyokuwa imelifunika, na rangi yenyewe imepasuka.

Tundu hilo ndilo mkosaji mkuu wa jikoni. Hewa inayotembea hunyang'anya bomba joto mara mbili au tatu zaidi ya hewa iliyotulia, na upepo wa usiku wa Jumamosi ulikuwa unapuliza kwenye elbo iliyo uchi. Kwenye ukaguzi wa kabla ya baridi, saa moja ya kutafuta matundu ya namna hii kwa mkono uliolowa maji au kwa ukanda mwepesi wa karatasi huleta faida kuliko kununua sponji ya nyumba nzima. Pita penye nyaya, penye bomba la kutolea moshi, penye kiungo cha ukuta na msingi, penye kila kitu kilichotobolewa kisha kikasahauliwa.

Bomba la maji moto lililo sambamba halikupasuka, lakini kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, ilisoma milimita 15.6 badala ya 15.0. Lilikuwa limevimba, na shaba iliyovimba imepungua unene na kuwa rahisi kuchanika. Msimu unaofuata ingeachia. Liliondolewa pamoja na jenzake. Mwenye nyumba alishangaa kwamba la maji moto nalo liliganda, ingawa hakuna cha kushangaza: boila ikizimika, au maji yasipotumika kwa saa kadhaa, maji yaliyomo humo ni baridi kama mengine. Mafundi wa nchi za baridi hudai hata kwamba mabomba ya maji moto hupasuka mapema zaidi. Swali la maji moto kuganda mapema lilifufuliwa mwaka 1963 na Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, na makala aliyoiandika pamoja na Denis Osborne mwaka 1969 inaendelea kujadiliwa na wanafizikia. Anayelinda nyumba hahitaji kungoja jibu lao. Ayafunike na kuyamwaga yote mawili kwa usawa.

Kwa nini maji hayakuonekana hadi Jumanne? Bomba lilichanika siku moja au mbili kabla, lakini kizibo cha barafu kilikuwa kimeufungia mpasuko maji ya mtaani. Kilipoyeyuka, presha ya bar 4 ikapata njia. Lita 2,900 kwa saa tano ni karibu lita 10 kwa dakika, kiasi kinachotarajiwa kwenye ufa mwembamba wa sentimita 4. Kwa kulinganisha, tundu la milimita 3 tu kwenye bar 3 hutoa lita 6 kwa dakika. Hatari basi huja baridi inapoachia, na anayerudi nyumbani siku ya kwanza ya joto aifunge koki kuu kwanza kabla ya kufanya lolote, kisha akague.

Darini, na tone lililookoa bomba

Bomba la darini lilikuwa na sponji ya milimita 13. Fundi aliyetandika sufi ya kuzuia joto juu ya dari aliipitisha chini ya bomba, bomba likabaki juu yake, upande wa paa. Kosa hili ni la kawaida mno. Joto la kulilinda bomba la darini hutoka chumba cha chini kupitia dari. Sufi ikiwa katikati, bomba limetengwa na joto na kuachiwa baridi. Sufi ipite juu ya bomba, ilifunike kama hema, na chini yake dari ibaki bila kitu.

Sponji yenyewe ilifanya nini? Hapa hesabu inasaidia. Bomba la milimita 15 lina maji ya lita 0.145 kwa kila mita. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na hewa ikiwa tulivu, maji hayo yakishafika sifuri huganda yote kwa saa 3 hivi kama bomba liko uchi. Ukilivika sponji ya milimita 13, ni saa 7. Ya milimita 25, saa 9 na kidogo. Umeongeza unene karibu maradufu ukapata saa mbili. Na njia huziba mapema kabla yote hayajaganda. Chupa ya chai haipiki chai. Hutunza tu joto ililopewa, na ikiachwa siku mbili chai ni baridi. Kwa bomba linalopata maji mapya kila baada ya saa chache, sponji inatosha. Kwa nyumba iliyofungwa siku nne, sponji bila chanzo cha joto ilikuwa inachelewesha tu.

Bomba hilo basi liliganda. Lililoliokoa ni washa, ile pete ya kuzuia maji ndani ya koki, iliyochakaa kwenye koki ya beseni la bafu, iliyokuwa ikidondosha karibu tone moja kwa sekunde, hitilafu ambayo ilikuwa inangoja fundi kwa muda mrefu. Tone moja kwa sekunde ni kama lita 0.18 kwa saa. Maji ya nyuzi 8 yakitembea kwa kiasi hicho huleta joto la wati 1.7 tu, wakati mita 4 za bomba lenye sponji ya milimita 13 hupoteza karibu wati 10. Halikuweza kuzuia kuganda. Lakini koki isiyofunga sawasawa ilimaanisha kwamba barafu ilipokua, maji yaliyosukumwa yalikuwa na pa kutokea. Presha haikupanda, na bomba likakaa na barafu yake hadi Jumanne usiku bila kudhurika.

Ushauri wa kuacha koki idondoshe wakati wa baridi kali una sura mbili, na watu huzichanganya. Ukitaka kuzuia kuganda kwenye bomba kama hili, unahitaji lita moja hivi kwa saa, matone matano au sita kwa sekunde, karibu uzi mwembamba usiokatika. Ukitaka kuzuia kupasuka tu, kiasi kidogo zaidi kinatosha, maadamu koki haijafunga. Mikasa mingi ya kupasuka ingezuiwa na hilo la pili. Chagua koki iliyo mwisho kabisa wa tawi lililo hatarini. Kama ni ya mkono mmoja, uweke katikati ili pande zote mbili, moto na baridi, zipate njia. Na hakikisha bomba la maji machafu halipiti mahali pa baridi, kwa sababu matone huganda humo, beseni likajaa na kumwagika.

Sasa, washa ikibadilishwa, na lazima ibadilishwe, kinga hiyo ya bahati inaondoka nayo. Ndiyo maana koki haikutengenezwa hadi darini kulipokamilika: sufi ilihamishwa juu ya bomba, sponji ya milimita 25 ikavishwa, na chini yake ukalazwa waya wa kupasha joto wa kujirekebisha wenyewe, wati 10 kwa mita, urefu wa mita 4.5. Kwa sponji ya milimita 25, kulishikilia bomba kwenye nyuzi 5 nje kukiwa 14 chini ya sifuri kunahitaji chini ya wati 3 kwa mita, kwa hiyo waya huo unatosha na ziada. Ulilazwa mnyoofu upande wa chini wa bomba na kubanwa kwa tepu ya alumini kila sentimita 30, kisha sponji ikaja juu yake. Waya wa aina ya kujirekebisha unaruhusiwa kukatwa kwa urefu unaotakiwa. Wa nguvu isiyobadilika haukatwi kamwe na haupandani wenyewe kwa wenyewe, kwa maana unapopandana huungua. Umeme wake lazima upite kwenye swichi ya usalama ya miliampia 30. Na waya huu ukitegemewa, umeme ukikatika hakuna kinga. Nyumba inayoachwa tupu isiutegemee peke yake.

Bomba la bustani

Hili lingeachwa hadi majira ya joto kama fundi asingejaribu. Ni la aina isiyoganda: kishikio kiko nje, lakini valvu yenyewe iko sentimita 25 ndani ya ukuta, penye joto, na mrija wa kati hujimwaga koki ikifungwa. Hujimwaga kama mdomo uko wazi. Mpira wa kumwagilia ulikuwa umeachwa umefungwa, maji yakabaki kwenye mrija, yakaganda, mrija ukachanika ndani ya ukuta. Kwa kuwa ufa uko mbele ya valvu, hauvuji koki ikiwa imefungwa. Unavuja siku ya kwanza ya kumwagilia bustani, tena ndani ya nyumba. Kuupima ni rahisi: mmoja anaziba mdomo wa bomba na kulifungua kidogo, mwingine anatazama ndani ya ukuta. Lilibadilishwa zima, likalazwa kwa mwinamo mdogo wa kuelekea nje.

Kilichotakiwa kufanywa Ijumaa jioni

Dakika ishirini za kumwaga mfumo zingezuia karibu hasara yote, hata boila ingezimika. Funga koki kuu. Kama kuna tangi la maji moto lenye hita ya umeme na utalimwaga, zima umeme wake kwanza, la sivyo hita itaungua ikiwa kavu. Fungua koki zote, moto na baridi, ukianzia za juu, ili hewa iingie. Kisha fungua ya chini kabisa au koki ya kumwagia iliyo juu tu ya koki kuu, weka ndoo, na subiri hadi sauti ya hewa ikome. Flashi vyoo hadi matangi yabaki matupu. Acha koki zikiwa wazi. Kilichobaki kwenye vibonde vya mabomba hakitadhuru, kwa sababu kina nafasi ya kupanukia.

Mitego ya maji, yaani vipinde vya mabomba ya maji machafu chini ya sinki, beseni na sakafu, haimwagiki kwa njia hiyo, wala haifai kuikausha, kwani ndiyo inayozuia harufu. Kila mmoja humiminiwa nusu lita ya kizuia kuganda cha propileni glikoli, kile cha mabomba ya nyumba. Kile cha magari, chenye ethileni glikoli, ni sumu; kisikaribie mabomba ya nyumba. Mashine za kufulia na za vyombo hubakiza maji kwenye pampu, nazo zinahitaji kikombe kimoja cha dawa hiyo hiyo na kuzungushwa kwa muda mfupi. Mfumo wa radieta ni mzunguko wa peke yake na haumwagwi kwa koki kuu. Au uachwe ukifanya kazi, au uwe na kizuia kuganda kwa kiwango cha mtengenezaji wa boila.

Kuyeyusha na kurudisha maji

Bomba la darini liliyeyushwa koki kuu ikiwa imefungwa na koki ya bafu ikiwa wazi. Joto lilianzia upande wa koki na kurudi nyuma taratibu, ili maji na mvuke vipate pa kutokea. Ukianzia katikati, unatengeneza mtego mwingine. Kilichotumika ni mashine ya kukaushia nywele, na mtumiaji asimame pakavu. Taulo zilizochovywa maji ya uvuguvugu hufaa pia. Moto wa gesi haufai: huyeyusha risasi ya viungo, huwasha mbao na sufi, na unaweza kuchemsha maji yaliyofungiwa kati ya barafu mbili hadi bomba lilipuke usoni. Kwa kuwa sponji huchelewesha joto kuingia kama inavyochelewesha kutoka, ilivuliwa kwanza.

Jikoni mabomba yote mawili yalikatwa hadi kalipa iliposoma tena milimita 15.0 pande zote, maana kiungo hakikai vizuri kwenye shaba iliyovimba. Mita 2.6 za kila moja zilibadilishwa kwa PEX, bomba la plastiki linalopindika, zikapitishwa ukuta wa ndani badala ya wa nje. PEX hutanuka na mara nyingi huvumilia kuganda, ila viungo vyake havivumilii, kwa hiyo viungo viliwekwa mahali pa joto, kila ncha ikiwa na kishikizo chake cha ndani kabla ya nati kukazwa. Tundu la ukuta lilijazwa povu la kupanuka, likafungwa nje kwa saruji, na mlango wa kabati ukatobolewa matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu.

Maji yalirudishwa koki kuu ikifunguliwa robo tu, koki zote zikiwa wazi hadi hewa itoke, kisha zikafungwa moja moja. Baada ya hapo washa ya koki ya bafu ilibadilishwa, koki kuu ikafungwa na geji ya presha ikaachwa kwenye bomba la mashine ya kufulia kwa saa moja. Iliposhuka kutoka bar 4 hadi 3.4 ilionekana kuna jingine: nati ya chini ya beseni la bafu, iliyolegezwa na barafu. Ilikazwa, presha ikarudishwa, na geji ikakaa kwenye bar 4 saa nzima.